Kuomba Kazi na Kusailiwa: Mambo Niliyojifunza Likizoni



Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha namna ya kuandika barua rasmi ya kuomba kazi. Tuliiandika daftarini, akaisahihisha, tukapewa alama zetu, tukafunga daftari. Wengi wetu tulidhani kwamba barua ile ni jambo la mtihani tu. Lakini miezi michache ijayo sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka hapa shuleni, wala si wote watakaokwenda Kidato cha Tano. Wengine watakwenda vyuoni, wengine watarudi nyumbani, na wengi watasimama mbele ya meza ya mtu wasiyemjua, waulizwe wao ni nani na wanaweza kufanya nini. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike machache juu ya jambo hili. Sikuyasoma yote kitabuni. Mengine niliyapata kwa aibu, na mengine niliyapata kwa kukaa likizo nzima ya Desemba nyuma ya mashine ya fotokopi katika duka moja mjini Korogwe.

Namna nilivyokosa kazi ya kwanza

Likizo ilipoanza, mama yangu, ambaye huuza dagaa na nazi sokoni Manundu, alikuwa ameteguka mguu, hawezi kukaa sokoni kutwa. Kaka yangu alikuwapo nyumbani lakini hana kazi. Nikapiga hesabu ya nauli ya kurudi shuleni, sabuni, madaftari na viatu, nikaona hapana budi nitafute kibarua. Nilikuwa na umri wa miaka 16. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo huruhusiwa kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Basi kazi ya dukani wakati wa likizo haikuwa na kosa.

Nilikwenda kwanza katika duka moja la pembejeo. Niliambiwa nifike saa mbili asubuhi. Nikafika saa mbili na robo, nikasingizia bodaboda. Nilipokwisha kuketi, kabla sijaambiwa niketi, simu ya mama niliyoiazima ikalia mfukoni. Mwenye duka, mzee mpole, akangoja niizime. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, watafuta kazi gani?”

Nikajibu upesi, “Kazi yoyote tu, babu.”

Akatabasamu. “Kazi yoyote sina. Nina kazi ya kuhesabu mifuko ya mbolea na kuiandika daftarini. Hiyo waiweza?”

“Naweza kila kitu,” nikasema.

“Haya. Mfuko mmoja una kilo hamsini. Gari limeleta mifuko thelathini na saba. Ni kilo ngapi?”

Wasomaji, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano aijua. Lakini nilikuwa nimechelewa, nahema, na moyo wanidunda kwa sababu ya ile simu. Nikasema elfu moja na mia sita. Jibu ni kilo 1,850. Mzee hakunikaripia. Alisema tu, “Hesabu hujifunzwa, mwanangu. Lakini mtu akisema anaweza kila kitu, mimi sijui nimpe kipi.” Akaniaga kwa heshima, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani nililalamika sana. Nikamwambia mama kwamba wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima, na mimi sikuchagua. Mama akasema, “Hukuchagua jembe, kweli. Lakini na shamba hukulijua. Siku nyingine nenda kwanza ukatazame watu wanafanya nini mahali hapo, ndipo uombe.”

Namna nilivyopata kazi ya pili

Nilifanya kama alivyosema. Karibu na kituo cha mabasi lipo duka la steshenari, ambako watu huchapisha barua, hutoa fotokopi, na hupeleka maombi yao ya kazi kwa kompyuta. Nilikaa barazani upande wa pili wa barabara kwa muda wa saa nzima nikitazama. Niliona kwamba kuanzia saa nne watu hujazana, na mama mwenye duka yu peke yake. Nilihesabu watu saba walioondoka kwa kuchoka kungoja.

Kesho yake nilifika kabla hajafungua. Alipokwisha kufungua nikamwamkia, nikamwambia hivi: “Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, nipo likizo. Naomba kazi ya kukusaidia kuchapa na kutoa fotokopi mwezi huu. Kuchapa kwa kompyuta najua, tunafundishwa shuleni. Mashine ya fotokopi sijawahi kuiendesha. Jana niliona watu saba wakiondoka kwa kungoja, nami nadhani naweza kusaidia wasiondoke.”

Akanitazama, kisha akanipa karatasi moja yenye mwandiko mbaya, akaniambia niichape. Nilifanya makosa manne. Akaniuliza, “Umeyaona makosa yako?” Nikamwonyesha matatu, la nne akanionyesha yeye. Akanipa siku tatu za kujaribiwa, na baada ya hapo shilingi 5,000 kwa siku.

Tazameni tofauti ya siku zile mbili. Mimi nilikuwa yule yule, na elimu yangu ile ile. Siku ya pili nalitaja kazi kwa jina lake, nikasema ninaloliweza, nikasema na nisiloliweza, tena nikaonyesha kwamba naijua shida ya yule ninayemwomba.

Juu ya barua

Katika mwezi ule barua nyingi sana za kuomba kazi zilipita mikononi mwangu. Kosa nililoliona mara nyingi ni la mtu kunakili barua ya mwenziwe na kusahau kubadili jina la mwajiri. Mmoja aliomba udereva kwa barua iliyosema anapenda sana kufundisha watoto. Wengine huandika namba ya simu yenye tarakimu tisa badala ya kumi, kisha hushangaa kwa nini hawaitwi. Wengine husahau kutia sahihi. Wengine huandika shida zao tu, kwamba wazazi wamefariki, kwamba wana wadogo wa kulea. Shida hizo ni za kweli na zasikitisha, lakini barua ya namna hiyo humfanya msomaji ahuzunike na bado asijue mwandishi anaweza kazi gani.

Umbo la barua rasmi tumekwisha kufundishwa: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, kichwa cha barua, habari yenyewe, na mwisho wake. Hapa chini naweka mfano wa habari yenyewe, ili kila mmoja apime ya kwake.

YAH: KUOMBA KAZI YA KARANI WA GHALA

Nimesoma tangazo lenu la tarehe 3 Desemba, nami naomba kazi iliyotajwa hapo juu.

Mimi ni raia wa Tanzania, nina umri wa miaka 19, nami nimemaliza Kidato cha Nne. Nilipokuwa shuleni nilikuwa mtunza stoo wa bweni letu kwa miaka miwili. Nilipokea na kuandika magodoro, ndoo na mafagio, na kila mwisho wa mwaka hesabu ilitimia. Najua kuandika hesabu kwa kompyuta. Sijafanya kazi katika ghala kubwa, lakini nipo tayari kufundishwa.

Naambatisha nakala za vyeti vyangu, pamoja na majina na namba za simu za wadhamini watatu. Naweza kufika kusailiwa siku mtakayonipangia.

Wako mtiifu,

Barua hii ni fupi, yaenea katika ukurasa mmoja. Tena oneni kwamba mwandishi hajawahi kuajiriwa, lakini hakusema “sina uzoefu.” Ametaja stoo ya bweni. Hapa shuleni kwetu yuko aliyetunza bustani ya mboga, yuko aliyeweka fedha za klabu, yuko kiranja wa jikoni aliyegawa chakula kwa mabweni yote pasipo ugomvi. Hizo ni kazi. Ziandikeni. Ila msiandike kazi ambayo mwalimu wenu hataitambua akiulizwa, kwani wadhamini huulizwa kweli. Na mdhamini aombwe ruhusa kabla jina lake halijaandikwa. Niliwahi kuona mzee mmoja akipigiwa simu pale pale dukani, akasema hamjui huyo anayetajwa.

Juu ya vyeti na majina

Wanaoomba kazi za serikali hupeleka maombi kwa njia ya mtandao katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Matangazo yao hutaka barua iliyotiwa sahihi, cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili. Tena husema wazi kwamba hati ya matokeo haikubaliwi mahali pa cheti chenyewe. Siku ya usaili mtu hutakiwa kuja na vyeti halisi pamoja na kitambulisho, na kujigharamia nauli, chakula na malala. Kwa kawaida huanza usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, na wanaofaulu ndio huitwa katika mahojiano.

Jambo lililowasumbua watu wengi mbele ya macho yangu ni majina. Mtu aliandikwa jina moja katika cheti cha kuzaliwa, la pili katika cheti cha shule, na la tatu katika kitambulisho cha Taifa. Mmoja alikuwa Mohamed hapa, Mohamedi kule, na Muhammad mahali pengine. Majina yakitofautiana mtu huambiwa alete hati ya kisheria ya kubadili jina, nayo hutaka fedha na safari nyingi. Kwa sababu hiyo nawasihi wenzangu wa vidato vya chini: siku ya kusajiliwa kwa mtihani wa Taifa, lisomeni jina lenu herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Na wazazi wanaosoma gazeti hili, tafadhalini tutafutieni cheti cha kuzaliwa mapema, msingoje mpaka wiki ya mwisho.

Habari ya kaka yangu

Sasa nafika mahali ambapo ni vigumu kwangu kuandika. Nimemwomba kaka ruhusa, naye amenikubalia.

Kaka alimaliza Kidato cha Nne mwaka 2020, akapata Daraja la Nne, na Hisabati akapata F. Baadaye alisoma ufundi umeme katika chuo cha VETA, akafaulu. Jioni moja mama mwenye duka alikuwa amekwenda benki, nami nipo peke yangu. Kaka akaingia na cheti chake ndani ya bahasha. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa inatafuta mafundi umeme, na tangazo lao lilitaka mtu aliyefaulu Hisabati.

Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mdogo wangu, kiskani hiki, kisha hii F ifanye C. Ni kazi ya dakika kumi. Nani atajua?”

Nilijua kwamba yawezekana. Hata mama mwenye duka alikuwa amebandika karatasi ukutani iliyosema, HATUBADILISHI VYETI, maana kaka hakuwa mtu wa kwanza kuomba.

“Kaka, siwezi.”

“Huwezi au hutaki?”

“Sitaki.”

Akasema, “Wewe utarudi shule, utakula chakula cha serikali. Mimi ndiye nitakayebaki hapa na mama na mguu wake.”

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Sikuwa na jibu la busara. Nilimwambia tu niliyoyajua. Nilimwambia kwamba mwezi Aprili mwaka 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, nayo ilionyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Akasema, “Mimi siombi serikalini.” Nikamwonyesha kwenye kompyuta matokeo ya mwaka wake katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Namba yake ya mtihani ilikuwapo, na mbele yake masomo yote na alama zake. Mwajiri yeyote mwenye simu aweza kutazama kama tulivyotazama sisi. Tena kughushi hati ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na mimi niliyeibadili ningekuwa mkosaji pamoja naye.

Kaka akachukua bahasha yake, akatoka bila kuniaga. Siku mbili hatukusemezana. Mama alituona tukila kimya, akauliza, wala hakuna aliyejibu. Usiku nilijiuliza kama nimekosa. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni tukivuka mto nilipokuwa mdogo.

Siku ya tatu alirudi dukani, akasimama kwenye foleni kama wateja wengine. Zamu yake ilipofika akasema, “Haya, niandikie iliyo kweli.” Tukaiandika pamoja. Ilisema hivi: katika Kidato cha Nne sikufaulu Hisabati, baadaye nilijifunza hesabu za umeme chuoni VETA nikafaulu, nimesaidia kufunga nyaya katika nyumba sita hapa Korogwe chini ya fundi mwenye leseni, fundi huyo na wenye nyumba wako tayari kuulizwa. Tukaweka majina na namba zao baada ya kuwaomba.

Ile kampuni haikumwita. Sisemi uongo ili habari yangu ipendeze. Aliniambia, “Unaona?” nami nikanyamaza. Lakini mwezi Februari, nilipokuwa nimekwisha kurudi hapa, mama alinipigia kwa simu ya matroni. Barua ile ile kaka alikuwa ameipeleka kwa mkandarasi mdogo wa umeme. Mkandarasi hakuuliza habari za F. Alikwenda katika mojawapo ya nyumba zile sita, akafungua kisanduku cha swichi, akatazama namna nyaya zilivyopangwa, kisha akamwita kaka kwa majaribio ya miezi mitatu. Mshahara ni mdogo kuliko wa ile kampuni. Kaka anaamka saa kumi na moja, naye hana hofu kwamba siku moja mtu atakifungua cheti chake. Waliosema njia ya mwongo ni fupi walisema kweli, ila ningeongeza kwamba njia ya mkweli nayo wakati mwingine huwa ndefu, na yafaa mtu alijue hilo kabla ya kuishika.

Siku ya kusailiwa

Ukiitwa, uliza mahali pale ni wapi na nauli ni kiasi gani. Ikiwezekana pita siku moja kabla, ukapajue. Nguo si lazima ziwe mpya. Ziwe safi, zimepigwa pasi, na za heshima. Mama mwenye duka alinifundisha niwe na shati moja na sketi moja za kuwekwa kando kwa ajili ya siku kama hiyo. Kucha, meno na viatu watu huvitazama. Manukato makali yaacheni.

Wakati wa kungoja pia ni usaili. Mlinzi getini na karani mapokezini huona yule aliyewasalimu na yule aliyewapita kama miti. Ukiingia, salimu kwa adabu. Waliokupita umri waamkie shikamoo, wala usidhani salamu hiyo ni ya nyumbani tu. Ngoja uambiwe uketi. Simu iwe imezimwa kabisa.

Swali la kwanza mara nyingi ni, “Tueleze habari zako.” Wengi huanza tangu kuzaliwa, wakataja ndugu wote saba. Yatosha kusema mambo matatu: umesoma nini, umefanya nini, na kwa nini umekuja kwao. Jizoeze mpaka uweze kuyasema kwa muda wa dakika moja au mbili bila kukariri kama shairi.

Wakikuuliza, “Udhaifu wako ni upi?” usijibu kwamba huna, wala usijibu kwamba udhaifu wako ni kupenda kazi kupita kiasi. Jibu hilo wamelisikia mara nyingi. Taja udhaifu wa kweli, kisha unavyoushughulikia. Mimi ningesema hivi: “Nikiharakishwa hukosea hesabu. Kwa hiyo siku hizi huandika kwanza karatasini, kisha huhakiki kabla ya kujibu.” Nalijifunza hilo kwa kilo 1,850.

Wakikuuliza usilolijua, sema hulijui, na useme ungelitafuta wapi. Ukiulizwa kwa Kiingereza na hukusikia vema, omba kwa adabu swali lirudiwe. Sentensi fupi iliyo sawa ni bora kuliko ndefu iliyopotea njia. Juu ya mshahara, waulize mapema wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani, usije ukataja la kuchekesha. Na wakikuuliza kama una swali, usiseme “sina.” Uliza kazi itaanza lini, au mfanyakazi mpya hufundishwa na nani. Kisha shukuru, uage, na ufunge mlango taratibu.

Mambo ya kujihadhari

Kuomba kazi si kujidhalilisha. Sheria ile ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa na mengineyo, na ulinzi huo wamhusu hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa.

Mtu akikuambia utume fedha kwanza ndipo uitwe kazini, huyo ni tapeli. Dukani kwetu alikuja kijana aliyetuma shilingi 30,000 za “fomu,” na namba ile haikupatikana tena.

Na wasichana wenzangu, sikilizeni neno hili, na wavulana nao wasikilize. Yuko mtu atakayesema usaili ni usiku, au ni hotelini, au kwamba kazi ipo ukikubali jambo fulani. Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kuwa ni kosa, na kosa ni la anayetumia mamlaka yake kuidai. Ondoka, mwambie mzazi au mwalimu, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Kukosa kazi ya namna hiyo si hasara, wala usione aibu kulisema.

Mazoezi

Nimemwomba kiranja wa taaluma tuyafanye mazoezi haya bwenini siku za Jumamosi baada ya usafi:

1. Andika kazi tatu ulizozifanya shuleni au nyumbani ambazo mtu mwingine aweza kuzishuhudia.

2. Andika barua ya kuomba kazi moja, kwa jina lake halisi, isiyozidi ukurasa mmoja. Mpe mwenzio aisome na atafute makosa.

3. Kaeni watatu watatu: mmoja msaili, mmoja msailiwa, mmoja mtazamaji. Msailiwa ajieleze kwa dakika mbili. Mtazamaji aseme jema moja na kosa moja, kisha mbadilishane.

4. Linganisha jina lako katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba na orodha ya shule. Likitofautiana, mwone mwalimu wa taaluma wiki hii hii.

Nakoma hapa. Mama amepona mguu, amerudi sokoni. Mimi likizo ijayo nikifika Korogwe nakusudia kwenda kumsalimu yule mzee wa duka la pembejeo, si kwa kuomba kazi, bali kumwambia kwamba mifuko thelathini na saba ni kilo 1,850.

Mimi wenu,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne